Nilipopewa nusu kaputi, nafsi yangu ilikuwa wapi?

*"Mwaka jana nilivunjika mguu, nikafanyiwa upasuaji wa kuwekewa vyuma. Mtaalamu wa usingizi aliniambia nihesabu kurudi nyuma kuanzia kumi. Nakumbuka saba, sikumbuki sita. Nilipozinduka niliambiwa kwamba muda wa saa tatu na nusu umepita. Haikuwa kama usingizi, kwa sababu nikiamka asubuhi huwa najua kwamba nilikuwa nimelala. Hapa hapakuwa na kitu kabisa. Mdogo wangu anasoma falsafa, yuko mwaka wa pili, na ameniambia kwamba Mjerumani aitwaye Leibniz alithibitisha kuwa nafsi haikomi kufikiri hata dakika moja, kisha akaja Mjerumani mwingine, Kant, akathibitisha kuwa nafsi haipo. Tangu siku hiyo nikizima taa usiku naogopa kusinzia. Mwezi ujao narudi hospitali kutolewa vyuma. Naomba unieleze: muda ule wote nilikuwa wapi? Na kati ya hao wawili nimwamini nani?"*

Pole sana kwa mguu, na pole zaidi kwa usiku unaoupitisha macho wazi. Nikiielewa vizuri barua yako, umeleta mambo mawili katika kifurushi kimoja. La kwanza ni swali la falsafa, nalo ni swali zuri kuliko mengi ninayoulizwa na wanafunzi wangu: ikiwa nafsi inaweza kuzimika kwa saa tatu na nusu bila mwenyewe kujua, je, ni kitu gani kinachoniambia kwamba aliyezinduka ni yule yule aliyehesabu hadi saba? La pili ni hofu, na hofu haiishi kwa sababu mtu amesoma hoja nzuri. Nitakaa zaidi kwenye la kwanza, kisha nitarudi kwenye la pili kabla sijamaliza, maana miadi yako ya hospitali imekaribia.

Nianze kwa kumsahihisha mdogo wako, bila kumvunjia heshima, kwa kuwa alichokosea hukosewa hata na watu waliokwisha kuhitimu. Leibniz hakuthibitisha kwamba nafsi haikomi kufikiri. Alitoa hoja, tena hoja yenyewe haikuhusu kufikiri kama mimi na wewe tunavyolielewa neno hilo. Kant naye hakusema popote kwamba nafsi haipo. Kati ya miaka ambayo Leibniz aliandika na ile ambayo Kant alichapisha kitabu chake kikubwa kuna takriban miaka 70, na katika kipindi hicho Wajerumani wengine kadhaa walifanya kazi ambayo inajibu swali lako vizuri kuliko hao wakubwa wawili.

Neno moja kuhusu maneno. Wajerumani wana neno *Seele*, ambalo sisi tunaligawa kati ya nafsi na roho. Nitatumia nafsi, kwa maana ya kile ndani yako kinachohisi, kukumbuka na kusema "mimi", na roho nitawaachia viongozi wako wa dini. Jambo la kuchekesha ni kwamba hata hilo jina tunaloipa dawa iliyokulaza lina damu ya Kijerumani: "kaputi" huelezwa kuwa ni *kaputt* ya enzi za utawala wao Afrika Mashariki, yaani kilichoharibika au kilichokufa. Wewe ulipewa nusu yake.

Sasa tuingie kwenye jambo lenyewe. Ugomvi haukuanzia Ujerumani. Mfaransa Descartes alikuwa amefundisha kwamba asili ya nafsi ni kufikiri, kama vile asili ya mwili ni kuchukua nafasi. Ukiikubali kauli hiyo, nafsi isiyofikiri haiwezekani, sawa na kusema kuna kiwiliwili kisicho na urefu wala upana. Mwingereza Locke, katika kitabu kilichotoka mwaka 1690, aliikataa kwa kuutazama usingizi tu: kila usiku watu hulala bila kuota na bila kufikiri lolote, kwa hiyo kufikiri ni kazi ambayo nafsi huifanya na kuiacha, kama mwili unavyotembea na kupumzika. Leibniz, aliyezaliwa Leipzig mwaka 1646, alikisoma kitabu hicho akaandika majibu sura kwa sura, kwa Kifaransa. Locke akafariki mwaka 1704, na Leibniz, akiona si vyema kubishana na mtu asiyeweza tena kujibu, aliyaweka majibu yake kando. Yalichapishwa mwaka 1765, yeye mwenyewe akiwa kaburini kwa karibu miaka 50.

Jibu lake ni la kupambanua. Kuna kuhisi, na kuna kutambua kwamba unahisi. Na Descartes na wafuasi wake walikosea kwa kuyafanya mambo hayo mawili kuwa moja. Nafsi, anasema Leibniz, hujaa kila wakati hisi ndogondogo ambazo kila moja ni hafifu mno, au zimechanganyika mno, kiasi kwamba mwenyewe hazitambui. Mfano wake maarufu ni wa bahari. Ukisimama ufukweni unasikia mvumo mmoja mkubwa. Mvumo huo umeundwa na sauti za mawimbi mengi mno, na hakuna hata moja kati ya hizo ambayo ungeisikia kama ingekuwa peke yake. Lakini lazima kila moja imekugusa kidogo, kwa sababu laki moja ya kitu ambacho si kitu haiwezi kufanya kitu.

Mfano wake wa pili ni wa mtu anayeishi karibu na kinu au maporomoko ya maji, na huu ninauamini zaidi kwa kuwa nimeuishi. Nyumba yetu ilipakana na mashine ya kusaga. Wageni walikuwa wakiingia wanapaza sauti ili wasikike, sisi tukiwashangaa wanapigia nani kelele. Lakini mkanda ulipokatika, au umeme ulipozimika, sote tulinyanyua vichwa kwa pamoja, hata mtoto aliyekuwa ameinamia sahani yake. Jiulize: tulisikia nini? Ukimya hauna sauti. Tulichokitambua ni kukoma kwa kitu ambacho masikio yalikuwa yakikipokea tangu asubuhi bila sisi kuwa na habari nacho.

Kutokana na mifano hiyo Leibniz anapiga hatua inayokuhusu wewe. Anasema kwamba hata kelele kubwa kuliko zote duniani isingeweza kumwamsha mtu kama asingekuwa ameuhisi kidogo mwanzo wake hafifu, sawa na kamba ambayo haiwezi kukatwa na nguvu kubwa kama nguvu ndogo hazikuanza kuivuta japo kwa unywele. Na katika maandishi yake mafupi ya mwaka 1714, ambayo baadaye yalipewa jina la *Monadologia*, anaongeza kwamba hisi haizaliwi isipokuwa na hisi nyingine iliyoitangulia. Kwa hiyo ukizinduka na kujikuta unahisi, sekunde moja kabla ya hapo ulikuwa tayari unahisi bila kutambua. Hali ya kuzirai, na ya usingizi mzito usio na ndoto, anaifananisha na kizunguzungu: umewaona watoto wanaojizungusha uwanjani mpaka wakaanguka, na kwa muda fulani wasiweze kutofautisha ukuta na mti. Ulimwengu haukuondoka machoni mwao, umevurugika tu mpaka hakuna kinachojitokeza. Kwa Leibniz, basi, jibu la "nilikuwa wapi" lingekuwa hivi: ulikuwa pale pale, mezani, ukiwa na mvumo usio na wimbi lolote ndani yake.

Ni jibu la kufariji, na kwa sababu hiyo hasa napenda ulipime kabla ya kuliegemea. Kwa usingizi wa kawaida naliona lina nguvu: mama huamshwa na kikohozi kidogo cha mtoto wakati radi haikumwamsha, na huwezi kueleza jambo hilo bila kukubali kwamba kitu ndani yake kilikuwa kikisikiliza. Kwa nusu kaputi hoja inadhoofika. Ile ya kamba inathibitisha tu kwamba kulikuwa na kitu muda mfupi kabla ya kuzinduka. Haisemi lolote kuhusu saa ya kwanza, ya pili na ya tatu. Ili aijaze nafasi hiyo, Leibniz anategemea imani yake kwamba maumbile hayaruki hatua, na imani hiyo mtu anaweza kuikataa bila kuwa mjinga. Wala hakupata kuuona mfano wako. Etha, dawa ya mvuke ya kumlaza mgonjwa, ilionyeshwa hadharani katika upasuaji huko Boston, Marekani, mwezi Oktoba 1846, na kabla ya hapo mgonjwa alinyweshwa pombe kali au alishikiliwa na wanaume wenye nguvu.

Kuna kikwazo kingine. Kwa Leibniz nafsi na mwili havigusani kamwe. Nafsi haina madirisha, na vitu hivi viwili vinakwenda sambamba kama saa mbili zilizotegwa vizuri na fundi mmoja, kila moja ikifuata mashine yake. Sasa dawa iliingia mshipani mwako, haikuingia nafsini. Kwa nini basi nafsi ilinyamaza pale pale dawa ilipofika? Atakujibu kwamba fundi alizipanga saa mbili hizo tangu mwanzo. Mimi jibu hilo sijawahi kuliamini, ingawa naiheshimu hesabu iliyomfikisha hapo.

Aliyelibeba wazo hilo hadi madarasani ni Christian Wolff, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Halle, na lilimgharimu. Maadui zake wa dini walimfitini kwa mfalme wa Prussia, dola ya Kijerumani iliyoitawala Halle wakati huo, na inasimuliwa kwamba hoja iliyomkasirisha mfalme ni kuambiwa kwamba, kwa falsafa hii, askari anayetoroka jeshini hawezi kuadhibiwa, kwa kuwa miguu yake ilikwisha kupangiwa kukimbia. Novemba 1723 Wolff alipewa saa 48 kuondoka Prussia, la sivyo anyongwe. Alikimbilia Marburg, na hakurudi Halle mpaka mfalme mpya alipotawazwa mwaka 1740.

Lakini usimkumbuke kwa mkasa huo tu. Wolff ndiye, kwa maoni yangu, anayekujibu vizuri zaidi, na ni bahati mbaya kwamba siku hizi husomwa na wachache. Katika kitabu chake cha mwaka 1720 kuhusu Mungu, ulimwengu na nafsi ya mwanadamu, alichokiandika kwa Kijerumani cha watu wakati wenzake wakiandika Kilatini, anauliza swali ambalo Leibniz alilipita haraka: kutambua kunatokeaje hasa? Anajibu kwamba tunatambua pale tunapotofautisha. Naiona kalamu iliyo mezani kwa sababu naitenga na meza, na pia najitenga mimi na kalamu. Na kutofautisha kunahitaji kulinganisha, kulinganisha kunahitaji kukishika kitu cha kwanza wakati cha pili kinafika, na kukishika huko ni kazi ya kumbukumbu. Palipo na hisi lakini hakuna kinachoshikwa, hakuna kinacholinganishwa, na kwa hiyo hakuna anayetambua.

Irudie sasa hesabu yako. Kumi, tisa, nane, saba. Ili useme "saba" ulihitaji kuwa bado umeishika nane. Dawa za nusu kaputi, kwa tunavyojua leo, hufanya angalau mambo mawili: hudhoofisha mawasiliano kati ya sehemu za ubongo zilizo mbalimbali, na huzuia kumbukumbu mpya zisiandikwe, kiasi kwamba sehemu za ubongo zinazopokea sauti zinaweza kuendelea kuitikia sauti bila mwenye masikio kuwa na habari. Huenda hata sita uliitamka, na waliokuwepo waliisikia. Hiyo ndiyo tofauti uliyoigundua mwenyewe kati ya usiku wa kawaida na ule wa upasuaji. Katika usingizi kazi ya kushika na kulinganisha haikatiki kabisa. Unageuka, unaota, unavuta shuka, na asubuhi kuna mabaki yanayokuambia kwamba muda umepita. Mezani hakuna kilichobaki cha kulinganishwa, ndiyo maana ile saa tatu na nusu imekuwa kama ukurasa uliochanwa, na saba ikaungana moja kwa moja na uso wa nesi.

Nisimsahau mtu mmoja ambaye vitabu vya historia ya falsafa vilimruka kwa muda mrefu. Anton Wilhelm Amo alizaliwa karibu na Axim, katika Ghana ya leo, akapelekwa Ulaya akiwa mtoto mdogo, akalelewa katika kasri la mtawala wa Wolfenbüttel, akasoma Halle, na mwaka 1734 akatetea huko Wittenberg tasnifu ya Kilatini yenye hoja kwamba nafsi ya mwanadamu haina hisi kabisa. Maumivu, joto na mguso ni vya mwili ulio hai, kwa sababu kuhisi ni kupokea kitu kutoka nje, na kitu kisicho na maungo hakina pa kupokelea. Nafsi kazi yake ni kuelewa yale ambayo mwili umeyapokea. Ukiyapeleka mawazo ya Amo chumba cha upasuaji, atakuambia kwamba kisu kiliukuta mwili ambao umenyamazishwa, na nafsi haikukosa kuhisi kwa sababu kuhisi hakujawahi kuwa kazi yake. Simfuati mpaka mwisho, lakini nitamhitaji tena hapa chini.

Tumfikie Kant. Alikuwa na umri wa miaka 57 alipochapisha *Uhakiki wa Akili Tupu* mwaka 1781. Ndani yake kuna sura inayoshughulika na watu waliodai kuthibitisha kwa hoja tupu kwamba nafsi ni kitu kimoja kisichogawanyika, kinachodumu na kisichoharibika. Kant anasema kwamba hoja zao zote zinateleza mahali pamoja. Ni kweli kwamba kila wazo nililo nalo naweza kulitanguliza kwa "nafikiri", na kwamba huyo anayefikiri hujitokeza daima kama mmoja. Lakini umoja huo ni wa namna mawazo yanavyofungwa pamoja, wala hautoshi kukuambia ni kitu gani kinachofunga. Anatoa mfano ninaoupenda: mpira unaopiga mpira mwingine huuhamishia mwendo wake wote. Tuseme kuna vitu kadhaa vinavyopokezana namna hiyo, kila kimoja kikimhamishia mwenzake mawazo pamoja na kumbukumbu zake. Cha mwisho kingejiona kuwa ndicho kile kile tangu mwanzo, na kwa kujichungulia ndani kisingeweza kugundua kosa.

Naelewa kwamba mfano huo, ukisomwa saa nane za usiku na mtu anayeogopa kusinzia, unatisha. Lakini tazama anachokifanya nao. Hasemi kwamba nafsi haipo wala kwamba tunabadilishwa kama mipira; anasema kwamba kwa hoja tupu hatuwezi kujua ndiyo wala siyo, na aliyekuambia "hapana" amevuka mpaka ule ule uliovukwa na aliyekuambia "ndiyo". Mwaka 1788, katika kitabu chake kuhusu maadili, aliandika kwamba tunayo haki ya kutumaini kwamba nafsi inaendelea kuwepo, ingawa si kwa njia ya uthibitisho. Na uzeeni, katika masomo yake kuhusu mwanadamu aliyoyachapisha mwaka 1798, alirudi karibu kabisa na Leibniz. Alisema kwamba nafsi ni kama ramani kubwa ambayo sehemu chache tu zimemulikwa, na kwamba mtu anayedai hakuota usiku ameisahau tu ndoto yake.

Lugha yetu nayo inachangia katika wasiwasi wako. Kiswahili hakina njia rahisi ya kusema kwamba kitu kipo bila kukiweka mahali: nipo, niko, nimo, na zote zina mahali ndani yake. Hata ile kauli ya Descartes tunaitafsiri "nafikiri, kwa hiyo nipo", na msikilizaji makini ana haki ya kuuliza "upo wapi?" Swali lako la kutaka kujua ulikuwa wapi linatiririka kutoka kwenye sarufi kabla halijatoka kwenye falsafa. Mwili wako ulikuwa na mahali, juu ya meza, na watu walikuwa wakiutazama mapigo yake kila dakika. Ule utambuzi ulionyamaza haukuhamia popote, kama vile ngumi haihamii popote ukifungua mkono.

Umeniuliza umwamini nani. Kwa kutofautisha kuhisi na kutambua, mwamini Leibniz, kwa kuwa hapo ameshinda. Kwa namna kutambua kunavyozimika na kurudi, msome Wolff. Na anapotokea mtu anayekuambia kwamba amethibitisha nafsi ni nini au kwamba haipo, mwambie mdogo wako amfungulie Kant. Hofu ya kwamba aliyezinduka si wewe haina hoja inayoweza kuiondoa kabisa, lakini haina ushahidi wowote pia, na watu waliokuzunguka walikupokea wodini pamoja na madeni yako yote.

Sasa hospitali. Kuogopa kusinzia kwa miezi kadhaa si jambo la kumaliziwa vitabuni. Mweleze daktari wako kama ulivyonieleza mimi, na omba upelekwe kwa mwanasaikolojia au mshauri nasaha wa hospitali, maana woga wa usiku unaofuata ajali na upasuaji unajulikana na unatibika. Kama kuna kitu chochote unachokikumbuka kutoka chumba cha upasuaji, sauti, kubanwa au maumivu, kiseme wazi kwa mtaalamu wa usingizi kabla ya siku yenyewe, kwa sababu hiyo ni taarifa ya kitabibu na ataihitaji. Na kama kinachokusumbua ni hatima ya roho, mwendee sheikh au padri wako ana kwa ana.

Tena muulize mtaalamu huyo kama kutoa vyuma kunawezekana kwa ganzi ya mgongoni badala ya nusu kaputi. Si kila mgonjwa anafaa, na uamuzi ni wake baada ya kukupima. Ikiwezekana, utakuwa macho, utasikia vyombo vikigongana kwenye sinia na daktari akiomba bisibisi, na mguu wako hautakuambia lolote. Utakuwa umelala ndani ya tasnifu ya Amo, na ukitoka nitafurahi kujua kama bado unaona kwamba alikosea.